Kuongeza dizeli na busti kwenye Land Cruiser 80 ya 1HD-T: mwongozo kamili kwa sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria

Mwaka niliolinunua shangingi langu nilifanya kosa ambalo karibu kila mwenye dizeli ya turbo hulifanya. Nilifungua boneti, nikaitafuta skrubu kubwa iliyo nyuma ya pampu ya dizeli, nikaizungusha nusu duara, nikafunga boneti. Gari likakimbia kweli. Kutoka Nyakato hadi Kisesa nilikuwa nacheka peke yangu. Wiki mbili baadaye nikafunga tela la boti kule Kayenze, nikapandisha kutoka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, kwa gia ya pili, mguu umegusa sakafu. Moshi ulikuwa mweusi hadi bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akasimama pembeni kusubiri nipotee. Nilipofika nyumbani, kasha la turbo upande wa ekzosi lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Fundi pampu niliyempelekea ni mzee wa makamo, si mtu wa kufoka. Aliupitisha ukucha juu ya ule ufa akaniambia, "Mwanangu, umemwongezea mgonjwa chakula, pumzi hukumwongezea." Kazi yote ninayoieleza hapa chini inafuata mpangilio alionifundisha: geji kwanza, hewa ya pili, dizeli ya mwisho. Ukiupindua, injini itakudai.

Kwanza jua una pampu gani

Mwongozo huu ni wa pampu ya mkono, ile isiyo na kompyuta. Injini ya 1HD-T, cc 4,164, silinda sita, ilifungwa kwenye Land Cruiser 80 kuanzia 1990 hadi mwanzoni mwa 1995, ikiwa na turbo ya CT26 na bila kipozahewa, kile cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo. Ndugu yake aliyemfuata, 1HD-FT mwenye vali 24, naye ana pampu ya mkono, na mengi ya hapa yanamhusu. Pajero za zamani za 4D56 na Defender za 300Tdi zina pampu za ukoo uleule, ila skrubu zimekaa tofauti kidogo.

Kama una Prado au Surf yenye 1KZ-TE, ishia hapa. Ile herufi E inamaanisha pampu inaongozwa na umeme, na silinda hedi ya injini hiyo haihitaji sababu nyingine ya kupasuka. Wenye Land Cruiser za mkonga zenye injini ya 1HZ waliofungiwa turbo ya kuunga nao waende polepole sana, maana injini ile haikutengenezwa kwa ajili ya turbo.

Kwa nini dizeli haifanani na petroli

Hili lieleweke kabla hujashika spana. Kwenye petroli, mafuta yakipungua injini inachemka. Kwenye dizeli ni kinyume: mafuta yakizidi hewa, joto linapanda. Ukiwa umekanyaga kidogo, dizeli inaungua ndani ya hewa nyingi na moshi unatoka na joto la wastani. Kadiri unavyoongeza dizeli bila kuongeza hewa, joto hupanda hadi pistoni za alumini zianze kulainika kwenye kingo, ringi zikwame, kisha uone moshi wa bluu usioisha. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia kituoni ikatoka haijamaliza kazi yake. Wapo vijana wanaouona kama fahari. Mimi nikiuona mbele yangu naona noti zinapepea.

Turbo inasukuma hewa, na ile presha ndiyo mafundi wanaiita busti. Kiwandani 1HD-T ilipewa busti ya zaidi kidogo ya nusu bar. Dizeli nayo ilipimwa ilingane na hewa hiyo, ikabakizwa nafasi ya usalama. Nafasi hiyo ndiyo tunayoichukua sehemu yake. Hatuimalizi yote.

Afya ya injini

Injini mgonjwa haiongezewi kitu. Na hapa ndipo watu wengi wa mjini wanaporuka, kwa sababu kazi hii haina raha.

Anza na beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. 1HD-T inajulikana kila inakotumika kwa kula beringi hizi mapema, na kelele ukiisikia umeshachelewa. Zinabadilishwa kutokea chini kwa kufungua sampo, bila kushusha injini. Kama hujui zilibadilishwa lini, zibadilishe kabla ya kugusa pampu. Fuata taimingi belti, ambayo maisha yake ni km 100,000. Taa ya kwenye dashibodi usiitegemee, kwa sababu mtu aliyekuuzia gari huenda aliizima tu.

Nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, aone kama zinafunguka kwa presha inayolingana na zinanyunyiza ukungu. Nozeli inayodondosha matone hutoboa pistoni hata kwenye gari ambalo pampu yake haijaguswa. Rejeta isafishwe kwa ndani na kwa nje, na feni ikamate inavyotakiwa injini ikipata moto.

Kisha eya klina. Sisi wa huku tuna adui ambaye watu wa Dodoma hawamjui: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, wakihamia nchi kavu jioni. Ukipita katikati ya wingu lao kando ya maji, wanavutwa hadi kwenye filta, wanalowana, wanagandana kama uji mkavu. Niliwahi kufungua filta ya wiki tatu nikaikuta nusu yake imezibwa hivyo. Turbo inayonyonya kupitia filta ya namna hiyo haikupi hewa, hata wesgeti, lango la kupunguzia presha ya turbo, uirekebishe vipi.

Mwisho kagua uvujaji. Hozi zote kuanzia turbo hadi kwenye manifoldi zipakwe maji ya sabuni, msaidizi apige resi, nawe utazame mapovu. Klampu moja iliyolegea inakula busti, inaleta moshi, na inakupeleka ukarekebishe pampu isiyo na kosa.

Geji mbili, bila hizo usianze

Geji ya busti ni rahisi. Kuna hozi nyembamba inayotoka kwenye manifoldi ya hewa hadi kwenye kopo lililo juu ya pampu. Unaikata katikati, unaweka kiungo cha njia tatu, tawi moja linaenda kwenye geji.

Geji ya joto la moshi ina kazi zaidi, nayo ndiyo inayoilinda injini. Sensa yake, ile ya aina ya K, inakaa kwenye manifoldi ya ekzosi kabla ya turbo, mahali ambapo moshi wa silinda unakusanyika. Vua manifoldi, toboa mezani, kata hesi, safisha unga wote wa chuma, rudisha ukiwa na gasketi mpya. Wapo wanaotoboa ikiwa imefungwa, kwa kupaka grisi kwenye keekee ili ishike vumbi. Mimi sikubali. Chembe moja ya chuma ikipita kwenye feni ya turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, akiba yako ya nauli imeishia hapo.

Mtu akikushauri uweke sensa baada ya turbo kwa sababu ni rahisi, mjibu kwamba joto la pale hupungua kwa nyuzi 100 hadi 200 ukiwa umekanyaga. Geji inasema 600 nawe unatulia, kumbe kwenye pistoni mambo ni mengine.

Mpaka wangu, kabla ya turbo, ni nyuzijoto 720 za Selsiasi. Naweza kuivumilia 750 kwa sekunde chache ninapolipita lori, lakini kwenye mlima au kwenye tela sivuki 700. Geji ya maji ya dashibodi haitakusaidia, maana sindano yake imetengenezwa ikae katikati hata joto likiyumba.

Geji zikishafungwa, usirekebishe chochote kwa siku mbili. Endesha. Chagua kipande kimoja cha barabara ukitumie siku zote. Changu ni baada ya Nyanguge kuelekea Magu, asubuhi kabla malori hayajajaa, gia ya nne, kutoka km 60 hadi 100 kwa saa. Andika sekunde, busti ya juu kabisa na joto la juu kabisa. Mimi nilianza na busti 0.55 na joto 590 gari likiwa tupu. Bila namba za mwanzo hutajua umepanda au umeshuka. Masikio hudanganya: gari lenye kelele zaidi huonekana lina kasi zaidi.

Jambo la mwinuko

Uso wa ziwa letu uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Dar. Maana yake ni kwamba geji ikionyesha bar 0.9 huku kwetu, turbo imefanya kazi kubwa kuliko ile inayoonyesha bar 0.9 Kigamboni. Imezidisha hewa mara mbili na kidogo, wakati ya pwani imezidisha kwa 1.9. Tena hewa ikigandamizwa hivyo inatoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 100, na hewa ya moto ni hewa iliyopungua. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa pwani, au wa mtu wa Australia aliyeko ufukweni, upunguze kidogo. Bila kipozahewa, mimi husimama kwenye bar 0.85. CT26 inaweza kufika bar 1, lakini kuanzia hapo unachoongeza zaidi ni joto.

Hewa: kupandisha busti

Turbo ina lango la kupunguzia presha, wesgeti, linalosogezwa na kijiti kutoka kwenye kopo dogo la bati. Presha ikifika kiwango chake inasukuma utando ulio ndani ya kopo, kijiti kinasogea, lango linafunguka, moshi unapita pembeni bila kuizungusha turbo. Ukitaka busti zaidi, unalifanya kopo lichelewe kulifungua lango.

Njia ya kwanza ni kufupisha kijiti kama kina hesi za kurekebisha, mzunguko mmoja mmoja. Njia ninayoipenda ni vali ndogo yenye gololi na springi, inayofungwa kwenye hozi inayokwenda kwenye kopo la wesgeti. Gololi huziba hadi presha ishinde springi, hivyo wesgeti inabaki imefungwa kabisa na busti inawahi. Kwenye gari zito kama hili utaisikia tofauti hiyo mapema, ukiwa bado kwenye mizunguko 1,800.

Anza na vali ikiwa imelegezwa. Kaza kidogo, nenda barabarani, soma. Lengo ni kupanda kwa 0.05 kila safari, si zaidi. Ukifika 0.8 pumzika siku moja uone kama namba inakaa palepale asubuhi na mchana.

Mambo mawili usiyafanye. Usiing'oe hozi ya wesgeti ukaiziba, kwa kuwa busti haitakuwa na mwisho na turbo itapasuka. Na usiiweke vali hiyo kwenye hozi ya pampu. Kopo la juu ya pampu lazima lisikie presha halisi ya manifoldi, la sivyo litatoa dizeli isiyolingana na hewa.

Busti ikishapanda bila dizeli kuguswa, utaona jambo la kufurahisha: joto la moshi linashuka. Langu lilitoka 590 hadi 550, na moshi ukapungua. Kwa wenye safari za Musoma na Geita tu, bila tela wala mzigo, ninawashauri wakomee hapa. Gari limekuwa jepesi na halijala dizeli zaidi.

Dizeli: sehemu tatu, na kila moja ina kazi yake

Osha pampu na eneo lake lote kwa dizeli na brashi, kisha puliza kwa upepo. Chembe ya mchanga inayoingia humo ni bei ya pampu nyingine. Msaidizi akae kwenye switchi muda wote, na pawe na kipande cha ubao cha kuziba mdomo wa hewa endapo injini itapanda resi ikagoma kuzimika. Ubao, si kiganja.

Juu ya pampu kuna kopo lenye kifuniko cha skrubu nne. Kabla ya kulifungua, chora alama ya msumari kwenye kifuniko na kwenye mwili wa pampu. Ndani utakuta utando wa mpira umeshika pini ya chuma yenye umbo la koni. Hewa ikisukuma utando, pini inashuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo dizeli inavyoongezeka. Utoe polepole, uinue kuelekea kwenye mwanga, uutazame kama unavyotazama noti ya elfu kumi. Ukiona tundu au ufa, hapo ndipo nguvu zako zilikokuwa zinapotelea, na hakuna skrubu itakayokusaidia hadi ununue utando mpya.

Koni ile haijachongwa sawasawa pande zote. Upande mmoja umelika ndani zaidi, kwa hiyo ukiuzungusha utando robo duara, kidole kinachoigusa koni kinapata upande mwingine na kipimo cha dizeli kinabadilika kadiri busti inavyopanda. Weka alama mahali ulipokuta, zungusha kidogo, funga, kajaribu. Sehemu hii inahusu nguvu ya katikati, ile unayoitumia kulipita basi.

Chini ya utando kuna springi, na springi inakalia gurudumu dogo lenye meno. Ukilishusha gurudumu, springi inalegea, pini inashuka kwa busti ndogo, dizeli inakuja mapema. Ukilipandisha, dizeli inachelewa. Hesabu meno unayosogeza na uyaandike. Hii ni ya nguvu ya chini, ya kutoka mchangani mwaloni ukiwa na tela. Ukizidisha, utatoa wingu jeusi kila unapoondoka kwenye taa, kabla turbo haijaamka.

Skrubu kubwa ya nyuma ya pampu ndiyo iliyoniponza. Inaamua kiwango cha juu cha dizeli kwa mizunguko yote, nayo hukaa na nati ya kufungia na mara nyingi pete ya chuma ya kuzuia watu kama mimi. Ishike skrubu kwa bisibisi isizunguke, legeza nati, ingiza skrubu ndani kwa sehemu ya nane ya mzunguko, kaza nati tena. Sehemu ya nane ni hatua ya saa moja na nusu kwenye uso wa saa ya ukutani, si zaidi. Kuingiza ni kuongeza. Injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, mzunguko wake utapanda, kwa hiyo irudishe chini kwa skrubu yake ya silensa. Kama inakataa kushuka, umezidisha: rudi nyuma.

Badilisha sehemu moja tu kwa siku. Ukigusa gurudumu, utando na skrubu jioni moja, kesho ukiona moshi hutajua umuulize nani.

Barabarani

Rudi kwenye kipande chako kilekile, injini imepata moto, tela likiwa nyuma kama ndivyo unavyofanya kazi. Kanyaga hadi mwisho gia ya nne, jicho kwenye geji ya joto. Ikikimbilia 700 na bado inapanda, ondoa mguu na urudishe nusu ya ulichoongeza. Ikisimama 650, una nafasi. Msaidizi aliyekaa nyuma atazame moshi: ukungu mwepesi wa kijivu unapokanyaga ghafla unakubalika, weusi unaoendelea haukubaliki.

Moshi mweusi wa chini unaokoma busti ikipanda, pandisha gurudumu. Moshi mweusi wa juu peke yake, rudisha skrubu kubwa au utando, baada ya kukagua tena klampu. Moshi mweupe injini ikiwa na moto, kaangalie nozeli na taimingi ya pampu. Wa bluu ni oili.

Langu limetulia kwenye busti 0.85, joto 640 likiwa tupu, 690 likiwa na boti na lita mia mbili za petroli ya injini za boti. Sekunde zilishuka kutoka 17 hadi 12.

Kuishi nalo

Oili 15W-40 sasa ibadilishwe kila km 5,000, hata muuzaji akikuambia hii yake inafika 10,000. Ukitoka kwenye safari ya kukanyaga, usizime hapohapo. Subiri geji ya joto ishuke chini ya 250, la sivyo oili itaungua ndani ya beringi za turbo. Klachi ya zamani ikianza kuteleza usiishangae, nguvu ulizoongeza lazima zipite pale.

Na dizeli yenyewe uichague. Pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni kavu, inakwangua vyuma vya ndani. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta tangu 2010 kwa ajili ya mchezo huo, lakini kwenye madumu ya kandokando ya barabara hakuna wa kukuhakikishia.

Ukiridhika, kaza nati zote mara ya mwisho, kisha chukua rangi ya kucha, nyekundu inaonekana vizuri, uweke nukta moja inayovuka kutoka kwenye skrubu hadi kwenye nati yake. Fanya hivyo kwa skrubu kubwa, kwa kifuniko cha kopo na kwa vali ya busti. Piga picha. Siku gari likienda gereji kwa kazi nyingine likarudi linatoa moshi, utafungua boneti na kuona mwenyewe kama nukta zimekatika.